Mwenye Mabaki Ndiye Mwenye Bei

Katika masoko ya hisa kuna kampuni ambazo bei yake haiendeshwi na mauzo wala hasara, bali na tangazo linalofuata. Kampuni inatoa taarifa ya aya mbili kwamba imetia saini hati ya makubaliano na kiwanda cha kusafisha mafuta, au kwamba kituo fulani cha umeme kimekubali kufanya jaribio, na kabla ya adhuhuri hisa zake zimekwisha kupanda. Wanunuzi wadogo hushika kalamu na kupiga hesabu: kituo kile kina megawati mia kadhaa, kwa mwaka kinateketeza tani laki kadhaa za mafuta, kampuni ikipata dola chache kwa kila tani, basi bei ya leo ni ya kutupa. Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha wala kugawanya. Kosa liko kwenye mstari wa kwanza, pale jaribio lilipoandikwa kana kwamba ni mauzo. Nishati inayotengenezwa kutokana na mabaki mazito ya mafuta ghafi imezaa hesabu nyingi za namna hii, na historia yake ina fundisho ambalo kila mwenye akiba ya kuwekeza anapaswa kulishika. Swali la iwapo mafuta haya yanawaka lilijibiwa zamani. Linaloamua nani atapata fedha na nani atapoteza ni kujua nani amefungwa na mkataba, na atalipa nini akijitoa.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kiwanda cha kusafisha mafuta huyapasha moto mafuta ghafi na kuyatenganisha kwa uzito. Gesi na petroli hupanda juu, mafuta ya taa na dizeli hutoka katikati, na chini hubaki masalia meusi. Masalia hayo yakipitishwa kwenye mnara wa pili unaofanya kazi katika ombwe, kinachobaki mwisho ni kitu cha jamii ya lami. Kikipoa hakimiminiki, na ndani yake kimekusanya salfa, vanadiamu na nikeli kwa wingi kuliko mafuta mengine yote yaliyotoka juu. Ili kiuzwe kama mafuta mazito ya kuendeshea mitambo ya umeme na meli, sharti kilainishwe kwa mafuta mepesi ya jamii ya dizeli, ambayo yangeuzwa peke yake kwa bei kubwa zaidi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la emalsheni. Badala ya kulainishwa kwa dizeli, mabaki husagwa yakiwa ya moto pamoja na maji, takriban asilimia 30, na kiasi kidogo cha kemikali zenye tabia ya sabuni, mpaka yanakuwa matone madogo mno yaliyotawanyika ndani ya maji. Kimiminika kinachopatikana hupita kwenye bomba bila kuhitaji moto mwingi. Kikipuliziwa kwenye tanuri, maji hugeuka mvuke na matone ya mafuta huteketea karibu yote. Maji hayo pia hupunguza joto la mwali, hivyo oksidi za nitrojeni hupungua. Salfa na vanadiamu zenyewe hazipungui. Hutoka na moshi na majivu, na aliyechoma ndiye anayebeba gharama ya kuzinasa.

Faida ya mbinu hii yote inatokana na pengo la bei, na pengo hilo huonekana vizuri zaidi kwa tarakimu. Hizi ni za mfano tu, si bei za soko la wiki hii. Tuseme tani ya mafuta mazito inauzwa dola 400 na tani ya dizeli dola 700, na kwamba robo ya tani ya mafuta mazito ni dizeli ya kulainishia. Robo hiyo peke yake inagharimu dola 175, kwa hiyo robo tatu za mabaki zimebakiwa na thamani ya dola 225, sawa na dola 300 kwa tani. Tani moja ya emalsheni ina kilo 700 za mabaki, ambazo kwa njia ya zamani zingekipatia kiwanda dola 210. Mwenye kituo cha umeme hanunui uzito, ananunua joto. Kwa kuwa karibu theluthi ya tani hiyo ni maji, na maji nayo hula joto kidogo yakigeuka mvuke, kwake ina thamani ya takriban dola 270. Pengo ni dola 60. Ndani ya dola hizo 60 zitoke kemikali, umeme wa kusagia, matangi, gharama ya kusafirisha maji yasiyowaka, punguzo la kumvutia mnunuzi, fungu la kiwanda, na mwisho kabisa ada ya mwenye teknolojia. Sasa dizeli ishuke hadi dola 500 huku mafuta mazito yakibaki palepale. Thamani ya mabaki inapanda hadi karibu dola 367 kwa tani, na pengo lote linasinyaa hadi dola 13. Hakuna mtambo ulioharibika wala mhandisi aliyekosea, na bado biashara imekufa.

Mwenye teknolojia, kwa maneno mengine, analipwa kutokana na tofauti ya bei mbili ambazo hapangi hata moja. Kati ya Juni 2014 na Januari 2016 mafuta ghafi ya Brent yaliporomoka kutoka zaidi ya dola 110 kwa pipa hadi chini ya dola 30. Bei zote zinapoanguka kiasi hicho, tofauti kati ya bidhaa nyepesi na nzito, ikihesabiwa kwa dola taslimu, nayo huwa ndogo, na mradi uliokuwa na mvuto mkubwa mezani mwaka uliotangulia hugeuka usumbufu kwa meneja wa kiwanda. Mwekezaji anayenunua hisa za kampuni ya namna hii hununua zaidi ya ubunifu wa maabara. Bila kujua, amenunua pia dau juu ya tofauti ya bei ya dizeli na mafuta mazito kwa miaka mingi ijayo, dau ambalo hata wafanyabiashara wakubwa wa mafuta hulishika kwa uangalifu na kwa muda mfupi.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka Venezuela. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Intevep, taasisi ya utafiti ya shirika la mafuta la taifa PDVSA, wakishirikiana na BP, walitengeneza mafuta yaliyoitwa Orimulsion: takriban asilimia 70 lami ya asili ya ukanda wa mto Orinoco na asilimia 30 maji. Lami ile ilichimbwa ardhini na haikuwa mabaki ya kiwandani, lakini namna ya kuitengeneza, kuichoma na kuiuza ni ileile. PDVSA iliunda kampuni tanzu, Bitor, kuiuza kwa wenye vituo vya umeme kwa bei iliyoshindana na makaa ya mawe. Na iliuzika. Uingereza iliichoma kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kituo cha Dalhousie katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada kilianza kuitumia mwaka 1994, Asnæs cha Denmark kikafuata, na vituo vya Italia na Japani vikajiunga. Hayo hayakuwa majaribio ya wiki mbili. Ulikuwa umeme wa kila siku kwenye nyumba za watu. Kisha mwaka 2003 serikali ya Hugo Chávez ikatangaza kuachana nayo, na kufikia mwisho wa 2006 uzalishaji ulikuwa umekoma. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya bei: lami ileile, ikichanganywa na mafuta mepesi na kuuzwa kama mafuta ghafi mazito, ilihesabiwa kuwa na thamani kubwa kuliko ikiuzwa kwa bei ya kushindana na makaa ya mawe. Wapo waliopinga hesabu hiyo hadharani, na mabishano yao yana uzito. Lakini aliyeamua ni mwenye lami, na uamuzi wake ukaifuta bidhaa iliyokuwa inafanya kazi katika mabara matatu.

Gharama ya uamuzi huo iliwaangukia watu wa mbali. NB Power, shirika la umma la umeme la New Brunswick, likiwa limeridhishwa na kazi ya Dalhousie, liliamua kukikarabati kituo chake kikubwa cha Coleson Cove, karibu na jiji la Saint John, ili nacho kitumie Orimulsion. Mradi huo ulikuwa wa takriban dola milioni 750 za Kanada. Fedha zilikwisha kuanza kutumika kwenye mitambo ilipobainika, mwaka 2003, kwamba mkataba wa muda mrefu wa kupata mafuta yenyewe haukuwa umetiwa saini. Palikuwa na mazungumzo, rasimu na imani iliyojengwa na miaka ya ununuzi usio na matatizo. Shirika likafungua kesi dhidi ya upande wa Venezuela, na mwaka 2007 pande hizo zikamalizana kwa fidia yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300 za Kanada, ambayo haikufika nusu ya gharama ya mradi. Sehemu iliyobaki ikawa mzigo wa walipa bili. Aliyeingia kwenye kosa hili hakuwa mstaafu anayenunua hisa kwa simu. Lilikuwa shirika lenye bodi, wanasheria na wahandisi waliokuwa wakiichoma bidhaa hiyo kwa karibu miaka kumi. Kama wao walichukulia mazoea kuwa mkataba, mnunuzi mdogo anayesoma tangazo la aya mbili ana kinga gani?

Teknolojia haikufa pamoja na Orimulsion. Ilihamia kwenye mabaki ya viwandani, na kampuni ya Quadrise ikaingia kwenye soko la AIM la London mwaka 2006 ikiwa na mafuta iliyoyaita MSAR. Njia iliyoipitia iko kwenye kumbukumbu za wazi. Mafuta hayo yalitengenezwa kwenye kiwanda cha Cepsa cha San Roque, kusini mwa Hispania, yakachomwa kwenye injini ya meli Seago Istanbul ya kundi la Maersk. Mwaka 2017 majaribio hayo yalikomeshwa, na biashara iliyotarajiwa haikufuata. Kwa miaka kadhaa wanahisa walisubiri mpango wa jaribio katika kituo cha umeme nchini Saudi Arabia, nchi inayoteketeza mafuta mengi kuzalisha umeme hasa majira ya joto, nao haukufikia mauzo ya kibiashara. Baadaye yakaja makubaliano ya majaribio na kampuni ya meli ya MSC. Sina lawama kwa kampuni ndogo inayofanya majaribio, maana haina njia nyingine ya kujithibitisha kwa wateja wakubwa. Ninacholalamikia ni usomaji wa soko. Kila jina kubwa lililotajwa lilipokewa kana kwamba ukubwa wa jina hilo umehamia kwenye kampuni ndogo, wakati ukubwa huo ndio unaolipatia jina hilo uwezo wa kuondoka mezani bila kuumia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hati ya makubaliano ni ahadi iliyoandikwa makusudi isiwe deni.

Kwa nini wenye viwanda vya kusafisha mafuta hawatii saini haraka? Kwa sababu mabaki, ingawa yapo chini ya mnara, yana njia nyingi za kutokea. Yanaweza kuuzwa kama lami ya barabara. Yanaweza kulainishwa na kuwa mafuta mazito. Kiwanda chenye mtaji mkubwa kinaweza kujenga mtambo wa kuyapasua kwa joto kali, yakatoa dizeli zaidi na makaa yatokanayo na mafuta yanayouzwa kwa viwanda vya saruji. Wasomaji walio Omani wanaujua mwelekeo huu kwa karibu: kiwanda cha Sohar kiliongezewa mtambo wa aina hiyo kilipopanuliwa, na kile cha Duqm, chenye uwezo wa mapipa 230,000 kwa siku, kilijengwa nao tangu mwanzo. Saudi Arabia, nchi ambayo wabahatishaji wengi wa London waliitazama kama mteja wa ndoto, ilichukua njia nyingine kabisa huko Jizan. Kando ya kiwanda cha mapipa 400,000 kwa siku ilijenga mitambo ya kuyageuza mabaki kuwa gesi na kuzalisha umeme wa takriban megawati 3,800. Mwenye mabaki mengi na fedha nyingi amejibu swali la mabaki kwa mtaji wake mwenyewe, bila kulipa ada kwa mwenye teknolojia ya emalsheni. Kinachobaki kwa muuzaji wa teknolojia ni viwanda vikongwe visivyo na mtambo wa kupasua, na hivyo ndivyo viwanda vyenye hatari kubwa zaidi ya kufungwa kabla mkataba wa miaka 15 haujafika nusu.

Upande wa kituo cha umeme nao una sababu zake za kusita. Meneja wa kituo anaulizwa na serikali na wateja jambo moja: taa zisizime. Kubadili mafuta kunamtaka abadili vipulizio vya tanuri, apange upya matangi na mabomba, aangalie kutu itokanayo na vanadiamu, na atafute kibali kipya cha mazingira. Kibali si jambo dogo. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, kampuni ya Florida Power & Light ilitaka kuitumia Orimulsion kwenye kituo chake cha Manatee, mradi ukiwa na teknolojia iliyothibitika na kampuni yenye nguvu nyuma yake, lakini gavana na baraza lake waliukataa mwaka 1996 na tena mwaka 1998 kwa kuhofia uchafuzi wa hewa na wa maji ya ghuba iliyo karibu. Zaidi ya hayo, vituo vinavyochoma mafuta vinaondoka jukwaani. Saudi Arabia imetangaza lengo la kuzalisha umeme wake nusu kwa gesi na nusu kwa nishati jadidifu ifikapo 2030. Hata lengo hilo likichelewa, hakuna mkurugenzi makini atakayetia saini kununua emalsheni kwa miaka 20 wakati wizara yake imekwisha kuandika kwamba mafuta ya kimiminika yaondolewe kwenye umeme.

Watetezi wa teknolojia hii wana hoja nzuri, na ni haki zijibiwe kwa uzito wake. Ya kwanza ni kwamba mafuta haya kweli ni bora kuliko mafuta mazito ya kawaida: yanateketea vizuri zaidi, yanapunguza oksidi za nitrojeni, na yanaokoa dizeli inayotumika kulainishia. Nakubali yote matatu. Lakini ubora huo unawanufaisha watu kadhaa kwa mafungu madogo madogo, na hakuna hata mmoja kati yao anayeumia vya kutosha kwa kuukosa. Kiwanda kinaendelea kuuza mafuta mazito, kituo kinaendelea kuyachoma. Anayeumia peke yake mradi usipoanza ni mwenye teknolojia, na katika mazungumzo yoyote ya bei anayeumia peke yake ndiye anayekubali masharti mabaya. Hata mkataba ukipatikana, hakuna sababu ya kuamini kwamba sehemu kubwa ya lile pengo itamfikia yeye na wanahisa wake.

Hoja ya pili ni kwamba bila wawekezaji wanaothubutu hakuna teknolojia mpya ambayo ingefika sokoni, na kwamba kuwatisha ni kuua ubunifu. Hoja hii inachanganya fedha za aina mbili. Kuna fedha zinazoingia kwenye kampuni kununua mtambo wa majaribio na kulipa wahandisi. Hizo ni fedha za ujasiri na anayezitoa anastahili heshima, mradi ajue anaweza kuzipoteza zote. Kuna fedha nyingine zinazobadilishana mikono kati ya mnunuzi na muuzaji wa hisa kwa bei iliyopaa baada ya tangazo, na katika hizo kampuni haipati hata senti ya kusagia tani moja ya mabaki. Anayenunua kwa bei hiyo amemlipa aliyewahi, basi. Kumwonya hakumnyimi mvumbuzi chochote. Soko linalotenganisha jaribio na mauzo ndilo linaloweza kumpa mvumbuzi mtaji mara ya pili baada ya jaribio la kwanza kuchelewa, kwa kuwa wanahisa wake hawakudanganyika wala hawakukimbia.

Hoja ya tatu ni ya wakati. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5, isipokuwa kwa meli zilizofungwa mitambo ya kusafisha moshi. Ilibashiriwa kwamba mabaki yenye salfa yangekosa pa kwenda, bei yake ingeanguka, na wenye teknolojia ya mabaki wangevuna. Mantiki ilikuwa sahihi kwa hatua ya kwanza. Tatizo ni kwamba bei ya chini haimwiti mtu mmoja. Mabaki yalipoonekana yatakuwa rahisi, wenye meli walikimbilia kufunga mitambo ya kusafisha moshi ili waendelee kuyatumia, na viwanda vyenye mitambo ya kupasua vikapata sababu ya kuyanunua. Kila tani waliyoichukua iliirudisha bei juu na kulibana lile pengo ambalo muuzaji wa emalsheni alilitegemea. Mwekezaji anayeona fursa kwenye bei ajiulize ni nani mwingine ameiona, na kama huyo mwingine ana mtaji wa kuifikia kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halijawahi kuwa la mbali. Katika miaka ya 2000, wimbi la fedha za nishati mbadala kutoka Ulaya lilifika Tanzania kwa jina la mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kampuni ya Sun Biofuels, ikiwa na fedha za mfuko ulioorodheshwa London, ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. BioShape ya Uholanzi ikaingia Kilwa. Kabla ya 2011 kwisha, miradi yote miwili ilikuwa imekwama. Wawekezaji wa Ulaya walipoteza fedha walizokuwa wamezihatarisha kwa hiari yao. Wanakijiji walipoteza ardhi waliyoitoa kwa ahadi za ajira, visima na zahanati, na hawakuwa na hisa ya kuuza walipoona mambo yanaharibika. Mafuta yale yalitoka kwenye mbegu, haya yanatoka chini ya mnara wa kiwanda, lakini ugonjwa ni uleule: thamani ilipangwa kwa mavuno ambayo hakuna aliyefungwa kuyatoa, kwa mnunuzi ambaye hakuna aliyemfunga kuyanunua.

Na swali litarudi. Kiwanda cha Changamwe mjini Mombasa kilisimama kusafisha mafuta mwaka 2013, na kile cha TIPER cha Kigamboni kilikuwa kimeacha miaka mingi kabla yake. Vyote viwili leo ni maghala. Kwa hiyo mitambo ya umeme ya mafuta mazito ya Kipevu, Rabai na Thika nchini Kenya inategemea mafuta yaliyoagizwa, na kuagiza emalsheni kutoka ng'ambo ni kulipia meli ibebe maji. Lakini Uganda iliingia makubaliano Machi 2025 na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Kiwanda hicho kikijengwa kitakuwa na mabaki yake, na hapo watakuja wenye vijitabu vya rangi wakiahidi umeme wa bei nafuu, na nyuma yao watakuja wauza hisa. Serikali husika na mashirika ya umeme ya ukanda huu yana nafasi ya kujiwekea kanuni sasa, wakati hakuna anayewaharakisha: hakuna shilingi ya umma itakayobadili tanuri wala tangi kabla mkataba wa mafuta haujatiwa saini na dhamana ya benki haijawekwa.

Mwekezaji binafsi naye, awe Nairobi, Dar es Salaam, Maskati au London, anaweza kujikinga kwa kudai karatasi tatu kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza ni mkataba wa kiwanda unaotaja tani, miaka, kanuni ya bei ya mabaki na adhabu ya kushindwa kuyatoa. Ya pili ni mkataba wa mnunuzi unaomtaka alipe hata asipochukua mzigo. Ya tatu ni kibali cha mazingira kilichokwisha kutolewa kwa kituo chenyewe, maana ombi lililo mezani ni ombi tu. Zikikosekana zote, alichonacho ni tangazo. Ikiwepo moja, ana nusu ya safari, na Coleson Cove imeonyesha nusu ya safari inavyogharimu. Hisa inayouzwa bila karatasi hizo inaweza kupanda kesho asubuhi, na mwenye fedha za kupoteza yuko huru kuinunua. Mwenye ada ya shule ya watoto au mafao ya uzeeni asiiite uwekezaji.